Re: Nimeitwa Mahakama ya Mwanzo kwa kesi ya kumpiga jirani, nitafungwa miaka 5?

Habari ndugu. Umeuliza kama Mahakama ya Mwanzo inaweza kukufunga miaka 5 kwa kumzaba jirani kofi. Haiwezi. Kikomo cha kifungo pale ni miezi 12, na kwa kawaida adhabu ikizidi miezi 6 lazima ithibitishwe na Mahakama ya Wilaya.

Cha kwanza angalia kosa lililoandikwa kwenye samansi. Shambulio la kawaida adhabu yake ya juu ni mwaka 1. Hiyo miaka 5 uliyoambiwa ni ya shambulio la kudhuru mwili, ndiyo maana PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) ya jirani ina uzito: ikionyesha jeraha, kosa linaweza kubadilika.

Siku ya kwanza utasomewa shtaka na kuulizwa kama ni kweli. Hapa ndipo nimeona watu wengi wakiumia. Mtu anajibu "ni kweli, lakini yeye ndiye alianza", na anadhani amejitetea, kumbe anaweza kuhesabiwa amekiri kosa. Kama hukubali kosa, sema wazi si kweli; habari ya nani alianza utaieleza wakati wa utetezi, na mashahidi wako wakiwepo.

Nenda na mdhamini mwenye kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa. Mkiwa tayari kupatana, mwambie hakimu mapema, maana sheria inamruhusu kuwasuluhisha kwa makosa ya namna hii.

Ukitiwa hatiani, una siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Omba nakala ya hukumu siku hiyohiyo.