Mzee anaruka insulini, eti isiishe haraka

SWALI: Shangazi, naandika kutoka Brooklyn Park, Minnesota. Mzee wangu, baba watoto, ana miaka 48, anafanya kazi nasingi homu mbili (nyumba za kutunza wazee), usiku huku mchana kule. Juzi alipimwa A1C, ile ya wastani wa sukari ya miezi mitatu, ikatoka juu, 9.4, wakamwanzishia insulini. Sasa nimegundua anaruka siku eti isiishe haraka, juu bima ya kazini hailipi mpaka kwanza tutoe maelfu ya dola mfukoni. Shemeji anasema ni ugali umetuponza. Na kila saa naskia Minnesota ni kati ya majimbo yenye afya bora Marekani, mbona basi huku kwetu kila nyumba kuna mtu wa sukari? – Mama Watoto

JIBU: Mama Watoto, hiyo ya kuruka insulini ikome leo, mengine tutaongea baadaye. Hapo hapo Minnesota mwaka 2017 kijana anaitwa Alec Smith, miaka 26, alitoka kwenye bima ya mamake, insulini ikawa ghali, akaanza kuipimia pimia, na mwezi haukuisha akafa. Mamake alipiga kelele mpaka 2020 jimbo likapitisha sheria yenye jina la kijana wake. Kwa hiyo sheria, mtu akibakisha ya chini ya siku 7 na analipa zaidi ya dola 75 kwa mwezi, na hayuko Medical Assistance wala MinnesotaCare (bima za jimbo za wenye mapato madogo), famasi inampa ya siku 30 kwa dola 35. Abebe kitambulisho cha Minnesota, aulize fomu pale kaunta, na akiambiwa hawaijui aitishe mkubwa wao. Hiyo ni ya dharura, mara moja kwa mwaka, lakini kuna mpango mwingine wa muda mrefu chini ya sheria hiyo hiyo, auulizie pia.

Sasa ugali. Sima kubwa saa nne usiku haisaidii, sikatai, apunguze hiyo na soda ya mashini ya saa tisa alfajiri. Ila shemeji asituchekeshe. Minnesota wengi ni wazungu, ukijumlisha watu wote wao ndio wanavuta hesabu inapendeza, lakini ukitenganisha utaona weusi na Wahindi Wekundu wanakufa na sukari kuwashinda wazungu sana. Wenyeji wa hiyo ardhi wenyewe! Mtu analala masaa manne, shifti za usiku zenyewe zinajulikana kuchangia sukari, kliniki inafungwa akiwa kazini, bima ni ya jina tu, halafu tunamwekea lawama kwenye sufuria.

Na wewe pia upimwe, na huyo shemeji. Kama uzito umezidi, mtu mweusi hangoji miaka 35 ndio apimwe. Tafuteni kliniki za jamii zinazolipisha kulingana na mapato, ziko hapo Minneapolis, na mzee asiondoke bila kuangaliwa macho na nyayo.