Kabla hujaikubali dedlaini

Ukiingia ofisini kwa mara ya kwanza utaona kwamba tuna "tarehe ya mwisho", tuna "ukomo", na hakuna anayeyatumia. Kila mtu anasema dedlaini. Inatajwa mwishoni mwa kikao, wote wanaitikia kwa kichwa, halafu wanatoka kila mmoja na yake moyoni. Mimi nimekula mkate wangu kwenye uhariri, kazi inayoendeshwa na neno hili kuliko nyingi, na ushauri wangu kwa mgeni ni kwamba alijue neno lenyewe kabla halijamkimbiza.

Asili yake haihusu saa wala kalenda. Ni mstari kwelikweli, mstari wa ardhini. Februari 1864, Marekani ikiwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, majimbo ya Kusini yalifungua kambi ya mateka huko Andersonville, Georgia. Hatua chache ndani ya ukuta wake wa magogo palikuwa na uzio mwepesi, vigingi na fito tu, ambao hata mtoto angeuruka. Lakini mateka aliyeuvuka alipigwa risasi na mlinzi. Uzio huo ndio ulioitwa "dead line", mstari wa mauti. Katika miezi 14 ya kambi hiyo walipitia humo askari wapatao 45,000, na karibu 13,000 hawakutoka hai. Wengi wao waliuawa na maradhi, njaa na uchafu, wala si risasi. Vita vilipokwisha, mkuu wa kambi, Henry Wirz, alishtakiwa, mstari ule ukatajwa katika mashtaka yake, na Novemba 10, 1865 akanyongwa.

Wachapaji nao walikuwa na mstari wa jina hilohilo: alama kwenye kitanda cha mashine ya kupigia chapa, ambayo herufi zikipangwa nje yake hazitokei kwenye karatasi. Hapo hafi mtu, yanapotea maneno tu. Kisha, mwanzoni mwa karne ya 20, vyumba vya habari vya Marekani vikalizoea neno hili kwa maana tuliyonayo leo: saa ambayo habari isipofika, gazeti linakwenda mtamboni bila hiyo.

Nimeirefusha historia hii kwa sababu maana zile za zamani bado zipo maofisini, zimejificha ndani ya neno moja. Dedlaini nyingine ni uzio wa Andersonville: zabuni, rufaa ya mahakamani, maombi ya ufadhili yanayopokelewa na mfumo unaojifunga wenyewe. Ukichelewa dakika moja umechelewa, na hata ukimpigia simu mtu unayemfahamu ndani, hana cha kukusaidia. Kwa hizi, jiwekee siku yako kabla ya siku yao, maana saa za mwisho ndizo mfumo unapoelemewa na ndizo unapogundua kwamba hati moja haina sahihi.

Nyingine ni mstari wa mchapaji. Kazi itatoka tu, swali ni kama sehemu yako itakuwemo. Wageni wengi hukwama hapa kwa sababu ya kutaka ukamilifu. Wanashikilia ripoti nzima kwa ajili ya jedwali moja, kikao kinafanyika, uamuzi unapita, na jedwali linakuja zuri ajabu kesho yake, halina kazi. Peleka kilicho tayari, andika waziwazi ni kipi kimebaki na kitafika lini.

Halafu iko ya tatu, na nadhani ndiyo nyingi zaidi: tarehe iliyotamkwa kwa sababu kikao hakiwezi kuisha bila tarehe. Si kwamba ni ya uongo, ila hakuna kinachoitegemea. Huwezi kuitambua kwa kuitazama, kwa hiyo uliza, na uulize kwa heshima: "Mkuu, hii ikitoka kwangu inakwenda kwa nani, na yeye anaihitaji lini?" Jibu likiwa "mkurugenzi anaondoka nayo Alhamisi asubuhi", umeuona uzio. Likiwa "tuseme Alhamisi hivi", umejua pa kupumulia kazi zikikubana. Usimwambie mtu kwamba umejua.

Sasa lije suala la saa, ambalo kwetu sisi tunaozungumza Kiswahili lina mitego yake. Saa sita yetu ni kumi na mbili ya Kiingereza, hilo unalijua. Lakini ukiandika "nitaleta saa 6" kwenye kundi la watu wanaochanganya lugha, mmoja atasubiri mchana, mwingine jioni, na wote watakuwa wamesoma sawasawa. Andika 12:00 au 18:00, au ongeza "mchana" na "jioni". Usiku ni mbaya zaidi. Kwa hesabu ya wazee wetu siku huanza jua linapozama, hivyo usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia Ijumaa yenyewe. Kalenda ya ofisi inaanza siku katikati ya usiku. Mtu akikuambia "Ijumaa saa sita usiku", mwulize ni usiku wa kuamkia Ijumaa au wa kuamkia Jumamosi. Ndiyo maana mifumo mingi huandika 23:59: dakika hiyo haina ubishi ni ya siku gani.

Kama unatuma kazi nje ya nchi, tazama pia ni saa za wapi. Mikutano mingi ya kisayansi hupokea makala mpaka siku iishe mahali pa mwisho kabisa duniani, yaani kwa saa za UTC-12, saa 12 nyuma ya UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima. Aliye UTC+3, kama sisi wa Afrika Mashariki, ana saa 15 za ziada: 23:59 ya kwao ni 14:59 ya kesho yake kwake. Tangazo lisipotaja chochote, chukua tafsiri inayokubana zaidi.

"Kufikia Ijumaa" na "kabla ya Ijumaa" pia si kitu kimoja, ingawa bosi huyohuyo anaweza kuyatumia kama kitu kimoja. Usibishane naye juu ya lugha. Mkitoka kikaoni, andika mistari miwili: "Nitaleta rasimu Ijumaa tarehe 14, saa kumi jioni (16:00). Takwimu za mkoani zitafuata Jumatatu." Akinyamaza, hiyo ndiyo dedlaini yenu. Akirekebisha, amekurekebisha mapema, kukiwa bado kuna siku za kufanyia kazi.