Maswali ya Wasomaji: Jedwali Linapogoma Kukaa Kwenye Karatasi

Barua za safari hii zote zinalia kilio kimoja: data iko sawa ndani ya XML (faili la maandishi linalopanga data kwa alama), hati inatoka, lakini safu za jedwali zina upana wa ajabu.

Safu zote zinatoka sawa

*Ndugu mhariri, salaam. Shuleni kwetu tunatoa ripoti za muhula kutoka faili la XML. Tunalipitisha kwenye XSLT (lugha ya kugeuza XML kuwa muundo mwingine), kisha programu ya Apache FOP inatutolea PDF. Jedwali lina safu tano: Somo, Alama, Daraja, Maoni ya mwalimu na Sahihi. Upana wa kila safu nimeuandika, lakini zote zinatoka sawasawa. Maoni yanabanwa mpaka mistari minne, na Daraja, yenye herufi moja tu, ina uwanja mtupu. Mpiga chapa wa Nasser Road anasema hilo si lake.* – Mwalimu wa kompyuta, Kampala

Mpiga chapa hana kosa, mwalimu. Usianze kubadilisha namba. Kwanza tazama kile ambacho FOP inapewa, yaani faili la FO linalozaliwa katikati ya XML na PDF. Amri ni hii:

`fop -xml matokeo.xml -xsl ripoti.xsl -foout matokeo.fo`

Fungua matokeo.fo kwa kihariri chochote cha maandishi, utafute `fo:table-column`, elementi inayotangaza safu. Utakutana na moja ya hali mbili.

Ya kwanza, hakuna hata moja. Hapo FOP inahesabu seli za mstari na kugawa nafasi sawa kwa sawa, ndicho unachokiona. Sababu ya kawaida ni nafasi-jina (namespace), anwani inayotambulisha elementi ni za familia gani. Kama XML yako ni DocBook 5 (muundo wa XML wa kuandikia vitabu na hati), kila elementi iko ndani ya `http://docbook.org/ns/docbook`, na kiolezo kilichoandikwa `match="colspec"` (elementi ya DocBook inayoeleza safu) bila kiambishi hakishiki kitu. XSLT haitalalamika, itapita kimya kimya. Tangaza kiambishi, kwa mfano `d`, kisha andika `match="d:colspec"`.

Ya pili, zipo, ila zimeandikwa `width="3cm"`. Kwenye safu, sifa inayosomwa ni `column-width`. Hiyo `width` ni ya jedwali zima, na ukiiweka kwenye safu inapuuzwa. Kwenye kumbukumbu za FOP utaona onyo kwamba upana wa safu haukutajwa, kwa hiyo imerudi kwenye `proportional-column-width(1)`. Watu wengi wanalipita onyo hilo kwa sababu PDF imetoka.

Sasa hesabu. A4 ina upana wa sentimita 21. Ukitoa pambizo za 2.5 kila upande, zinabaki 16. Alama ipe 1.6, Daraja 1.6, Sahihi 2, jumla 5.2. Zilizobaki ni 10.8, na Somo na Maoni zigawane kwa uwiano wa 1 kwa 2, yaani 3.6 na 7.2. Huna haja ya kuziandika hizo mbili za mwisho kwa sentimita, FOP itagawa yenyewe:

```
<fo:table table-layout="fixed" width="100%">
  <fo:table-column column-width="proportional-column-width(1)"/>
  <fo:table-column column-width="1.6cm"/>
  <fo:table-column column-width="1.6cm"/>
  <fo:table-column column-width="proportional-column-width(2)"/>
  <fo:table-column column-width="2cm"/>
  <fo:table-body> ...
```

`table-layout="fixed"` ni lazima. Upana wa uwiano unaruhusiwa kwenye mpango huo tu, na FOP haijui kupima maandishi ili ijichagulie upana yenyewe. Safu zote zitangulie `fo:table-header` na `fo:table-body`. Ukizipanga kinyume, faili linakataliwa.

Kama chanzo chako kinatumia `colspec`, angalia pia kama umeruka safu. Ukiandika `colspec` ya safu ya kwanza na ya tatu bila `colnum` (namba ya safu), ile ya tatu inahesabiwa kuwa ya pili, na upana wa Daraja unaangukia Alama. Na ikiwa mstari mmoja una seli sita wakati umetangaza safu tano, FOP inasimama na kusema seli zimezidi safu. Hapo tafuta seli iliyozidi, upana hauhusiki.

Namba ya kitambulisho inatoka nje ya mstari

*Mhariri, tunatengeneza orodha ya malipo ya wakulima wa kahawa. Safu ya NIN (namba ya kitambulisho cha taifa) ina upana wa sm 2.5, fonti ni Courier pointi 9, na padding (nafasi tupu ndani ya seli) ya pointi 2 kila upande. FOP inaonya kuwa mstari umezidi nafasi kwa milipointi 8734. Nimepunguza fonti hadi 8, onyo bado lipo ingawa kwa macho sioni tatizo. Je, nilipuuze?* – Karani, Mbale

Usilipuuze, kwa sababu linakupa kipimo kamili. Milipointi 1000 ni pointi 1, na pointi 72 ni inchi moja. Hivyo 8734 ni kama milimita 3.

Zimetoka wapi? NIN ina herufi na tarakimu 14. Kwenye Courier kila herufi inachukua sehemu 0.6 ya ukubwa wa fonti, kwa hiyo 14 × 0.6 × 9 ni pointi 75.6. Sentimita 2.5 ni pointi 70.866, na padding ya pande mbili inakula 4 ndani ya safu hiyohiyo, zinabaki 66.866. Toa, utapata 8.734. Kwa fonti ya 8 unahitaji 67.2, bado umezidi kwa milipointi 334, kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Ndiyo maana huoni kitu lakini mashine inaona.

Rudisha fonti 9 na uipe safu sm 2.9. Kima cha chini ni pointi 79.6, yaani sm 2.81, na kile kidogo cha ziada kitakusaidia ukiongeza mstari wa mpaka. Sentimita 0.4 zitoe kwenye safu ya jina, maana majina yana nafasi kati ya maneno na yanakunjika bila shida.

Kuna wanaopenda kuchomeka `&#x200B;`, nafasi isiyo na upana, ili neno refu likatike. Kwa majina ya vijiji yaliyounganishwa kwa mkwaju inafaa sana. Kwa NIN msifanye hivyo: mtu akinakili namba kutoka PDF anabeba na hiyo herufi isiyoonekana, halafu mfumo mwingine unaikataa namba na hakuna anayejua kwa nini. Kwenye fedha fanyeni kinyume chake. Kati ya UGX na 1,250,000 wekeni `&#160;` ili visitengane.

Ikitokea maandishi ya kila seli yamesogea kulia na kuzidi hata pale ambapo hesabu inakubali, shukuni `start-indent`. Sifa hiyo inarithiwa: jedwali likiwa ndani ya aya iliyosogezwa sm 1, kila seli nayo inasogeza maandishi yake sm 1. Andikeni `start-indent="0pt"` kwenye `fo:table-body`, na kwenye `fo:table-header` pia.

Word sawa, LibreOffice vibaya

*Programu yetu inaandika XML ya Word moja kwa moja. Kwenye Word jedwali linajaa ukurasa, kwenye LibreOffice safu zinajikunja. Nilijaribu kuweka upana wa 100 aina ya pct, ikawa mbaya zaidi.* – Ofisi ya mradi, Gulu

Hiyo `pct` haihesabu asilimia nzima, inahesabu sehemu za hamsini za asilimia. 100 mliyoandika ni asilimia 2. Asilimia 100 huandikwa 5000.

Kujikunja kunatokana na `w:tblGrid`, gridi ya jedwali ambamo kila safu ina `w:gridCol` yenye upana wake. Word ikikuta `w:gridCol` tupu au za kubahatisha hujipangia upya kwa kusoma `w:tcW` (upana) za seli, lakini LibreOffice inaiamini gridi. Jazeni zote mbili, kwa kipimo cha `dxa`, ambapo 1440 ni inchi moja na 567 ni takriban sentimita moja. Kwa mfano, nafasi ya sm 16 ni 9072, kwa hiyo jumla ya `gridCol` iwe 9072, na kila mstari jumla ya `tcW` iwe hiyohiyo. Seli yenye `gridSpan` ya 2, yaani inayofunika safu mbili, ibebe jumla ya safu zake mbili. Ongezeni `<w:tblLayout w:type="fixed"/>`. Msiandike "sm" wala nukta ya desimali ndani ya `w:w`. Weka namba kamili.

Ufupi

*Nikijumlisha `sum(colspec/@colwidth)` napata NaN ("si namba").* – Jinja

Kwa sababu `colwidth` yako imeandikwa kwa uwiano, kama "2*", na hiyo si namba. Kinyota kinaiharibu, na thamani moja mbovu inaharibu jumla yote. Kata kwa `substring-before(@colwidth, '*')`, na kumbuka kuwa "*" peke yake maana yake ni "1*", hivyo iwekee sharti lake. "2,5*" yenye mkato nayo itatoa NaN, tumia nukta. Ila jumla yenyewe ya nini? `proportional-column-width()` inagawa bila msaada wako.

*Nimeweka `use.extensions` kuwa 1 kwenye xsltproc (programu ya kuendesha XSLT) na stailishiti za DocBook, inakatika ikisema hakuna `adjustColumnWidths`.* – Mbarara

Kitendakazi hicho kimeandikwa kwa Java, kwa ajili ya Saxon na Xalan, programu nyingine za kuendesha XSLT. Weka `tablecolumns.extension` kuwa 0. Kwa PDF hutapoteza kitu, stailishiti zinajua kugeuza "3*" kuwa upana wa uwiano zenyewe.