Kusoma QT Ukiwa Mkulima wa Tumbaku

Ukiwauliza watu wa rika langu hapa Urambo, mkoani Tabora, wamesoma mpaka wapi, wengi watakwambia darasa la saba, tena kwa kuinamisha uso. Hawana cha kuonea haya. Tulipomaliza miaka ya tisini sekondari zilikuwa za kuhesabika. Darasa zima linafanya mtihani, wanachaguliwa wawili watatu, miaka mingine hata mmoja hakuna. Shule za kata zilienea baada ya MMES, mpango wa serikali wa kuendeleza elimu ya sekondari, kuanza mwaka 2004, sisi tukiwa tayari na watoto mgongoni. Tulikosa nafasi, akili tulikuwa nazo.

Mimi nilirudi kwenye daftari nikiwa mama wa watoto wanne. Nilifanya mtihani wa maarifa, yaani QT, unaomfungulia asiyesoma sekondari mlango wa mtihani wa kidato cha nne, kisha kidato cha nne chenyewe kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kina mama wenzangu wakiniuliza waanzie wapi, nawaambia waanze na kalenda ya tumbaku.

Mitihani yote miwili hufanyika Novemba. Novemba huku mvua zimeanza, miche inatoka kitaluni kwenda shambani, na kila mkono unatakiwa. Usajili nao hufunguliwa Januari, na ukichelewa unalipia faini. Januari mkulima ana nini? Fedha ya msimu uliopita imeishia kwenye sare, madaftari na mahindi ya kula, na masoko bado miezi. Nimeona wanawake wenye vichwa vyepesi wakikwama hapo mwaka hadi mwaka, mwishowe wanaamini wao ndio wazito.

Kwa hiyo ada ya mtihani itenge siku ile ile malipo ya tumbaku yanapoingia, kabla hujamlipa mtu yeyote. Na habari ya Novemba izungumze na mwenzio mapema, wakati mnapanga ekari. Ama mlime pungufu, ama mkubaliane fedha ya vibarua wa siku za mtihani itatoka wapi. Ukiyaacha mazungumzo hayo mpaka mvua inyeshe, shamba litashinda.

Muda wa kusoma upo, ila umejificha. Tumbaku ikiwa banini, kwenye banda la kukaushia, moto haulali, lazima mtu akeshe akiuchochea na kuangalia joto. Zamu za usiku niliziomba mimi. Biolojia karibu yote niliisoma pale, kwa tochi.

Hisabati anza na karatasi za chama cha msingi, ushirika wetu wa kuuzia tumbaku. Bei ya kilo imeandikwa kwa dola, kuna daraja la ubora, kuna uzito wa kila mtumba, yaani robota la tumbaku, kuna makato ya mbolea na pembejeo nyingine. Kokotoa mwenyewe mpaka upate kiasi kilicholipwa. Inaniuma kuona mama aliyepalilia, akavuna na kuchambua jani kwa jani, anasubiri kuambiwa na mtu mwingine kilichopatikana.

Kama kusoma na kuandika bado kunakusumbua, usikimbilie QT, utavunjika moyo bure. Nenda kwa afisa elimu kata, muulize darasa la MUKEJA, la kisomo cha watu wazima, lililo karibu. Bibi yangu alijifunza kwenye kisomo baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na barua za wanawe alizisoma mwenyewe mpaka alipofariki.

Na kama nyumbani kuna binti aliyeacha shule kwa ujauzito, hesabu yake ni nyingine. Tangu Novemba 2021 serikali inamruhusu kurudi katika shule ya kawaida, kwa hiyo mguu wa kwanza uwe kwa mkuu wa shule. Akiona darasani hapamfai tena, kipo Chuo cha Maendeleo ya Wananchi hapa hapa Urambo, aende akaulize fani zilizopo. Aliyejifungua juzi tu anahitaji mtu wa kumshikia mtoto asubuhi. Bibi wa huyo mtoto, hilo nakuomba wewe ulibebe.