Zipe nodi majina kabla hujaendesha simulesheni

Vijana wengi ninaowaelekeza ufundi hapa Kigoma wanachora saketi vizuri kabisa kwenye LTspice, programu ya kompyuta ya kuchora saketi na kuijaribu kabla ya kuijenga. Wanachoruka ni kuzipa majina nodi, yaani sehemu ambazo vifaa vinaungana. Ukiziacha hivyo, programu inazipangia yenyewe: N001, N002, N003. Ushauri wangu nausisitiza kwa moyo wote: weka lebo kwenye kila nodi utakayoipima kabla ya simulesheni ya kwanza.

Namba hizo si za kudumu. Ongeza rezista moja katikati ya waya, na N003 ya jana leo inaweza kuwa N004. Amri ya kupima, .meas, uliyoiandikia V(N003), yaani volti ya nodi hiyo, itapima mahali pengine bila kulalamika. Afadhali programu igome kuliko ikupe jibu zuri la swali ambalo hukuuliza.

Chukua saketi tunayohangaika nayo sana huku: ya kuendesha taa za LED za wavuvi wa dagaa kwa betri ya volti 12, zile zinazochukua nafasi ya karabai ziwani. Mkondo wa taa unapita kwenye rezista ya omu 0.1 kwenda graundi, ambayo kwa SPICE, mfumo ambao LTspice imejengwa juu yake, ni nodi 0 daima. Bila lebo, orodha ya saketi (maandishi ya mchoro: jina la kifaa, nodi zake, kisha thamani yake) inasema:

R3 N004 0 0.1

Ukiweka lebo:

R3 hisi 0 0.1

Hapo hata asiyeuona mchoro anaelewa kwamba V(hisi) ikisoma milivolti 120, taa inakula ampia 1.2.

Jina litokane na kazi ya nodi, siyo kifaa kilicho jirani. Mimi hutumia betri, geti, swichi, led_juu, hisi. Ukiiita R3_juu, siku ukiitoa R3 jina linabaki kupotosha. Kiswahili kinafaa kabisa. Epuka tu nafasi na alama za + na -, zinavuruga hesabu za grafu. Herufi kubwa na ndogo ni mamoja: Geti na geti ni nodi ileile.

Sasa penye hatari yenyewe. Lebo mbili zenye jina moja zimeunganishwa, hata kama hakuna waya kati yake. Inapunguza msongamano wa mistari, na ndiyo raha yake. Lakini nakili sehemu ya taa ya kwanza kutengeneza ya pili, badilisha lebo zote usahau hisi: rezista mbili za omu 0.1 zinakuwa sambamba, yaani omu 0.05. Taa zote mbili zikiwaka, V(hisi) inabaki milivolti 120 na kila kitu kinaonekana sawa. Zima moja, na iliyobaki itasukumiwa ampia 2.4, kwa sababu kidhibiti cha mkondo bado kinatafuta milivolti 120 zilezile. Kwa hiyo ukinakili, andika hisi1 na hisi2 papo hapo, kabla hujagusa kingine.

Kinyume chake ni tahajia. Ukiandika hissi kwenye pini ya kidhibiti, pini hiyo inaning'inia peke yake na taa haidhibitiwi. Mchoro hautakuonyesha, macho yanapita tu. Fungua orodha ya saketi uisome mstari kwa mstari: jina la nodi linalotokea mara moja tu, anza kulishuku hilo.