Kutumia, kugharimia, kufuja: majibu kwa wanaouliza maneno ya pesa

Nilimwandikia kakangu "nimetumia pesa za mama", akanijia juu kwamba nimezila. Nami nilimaanisha nimezituma! Nani mwenye kosa? (Msomaji, Likoni)

Kakako amekusoma sawasawa, mwanangu. Hapo pana vitenzi viwili vilivyovaa kanzu moja. Kuna "tumia" itokayo kwa "tuma", yaani kumpelekea mtu kitu. Na kuna "tumia" ya kumaliza au kufanyia kazi. Ukisema "nimemtumia mama pesa", ile *m* inaonyesha nani amepelekewa. Ukiiondoa na kuandika "nimetumia pesa za mama", pesa zimekwisha na mama hana habari.

Tangu M-Pesa ianze 2007, "tumia" ya kwanza iko midomoni mwetu kutwa, na utata umezidi. Tazama "nitumie elfu moja". Anayekopa anamaanisha umpelekee. Mtoto aliyeagizwa Kongowea, akiwa na noti mkononi, anauliza kama ana ruhusa ya kuitoa. Kwa sauti tunaelewana, kwa maandishi hatuelewani. Basi anayeomba aandike "unitumie", na mtoto aulize "nitoe elfu moja?" Hata "nimetumiwa" yataka uangalifu, maana anayetumiwa pesa hufurahi, na anayetumiwa na watu hulia.

Fundi ameniandikia "bei ya kujenga ukuta". Si gharama? (Msomaji, Kisauni)

Ni gharama. Bei ni ya kitu kinachouzwa, na hukubali kupatana: bei ya saruji, bei ya nazi pale Marikiti. Gharama ni jumla ya vyote vitakavyokutoka mpaka kazi iishe, pamoja na usafiri na ujira wa kibarua.

Na kwa kuwa tumefika hapo: jambo hugharimu, mtu hugharimia. "Harusi imegharimu laki tatu, ami yake bwana harusi ndiye aliyeigharimia." Wengine huandika "gharamia", nayo ni sawa.

Ofisini kwetu "matumizi" ni safu ya hesabu. Nyumbani, mume wangu "akiacha matumizi" ameacha pesa ya chakula. Ni neno moja? (Msomaji, Majengo)

Moja, dada. Ofisini hukaa mkabala na mapato; nyumbani ni haki ya watu wa nyumba. Wazee wetu waliita pesa hiyo masurufu, neno ninalolipenda na ambalo lisingepaswa kuachwa. Katika sheria ya Kiislamu, anayodaiwa mume kwa ajili ya chakula, mavazi na makazi ya mkewe huitwa nafaka, kutoka Kiarabu *nafaqa*. Ndilo hilohilo ambalo sasa likitajwa watu huwaza mahindi na mtama.

Usilichanganye na posho. Tanzania wabunge hulipwa posho; kwetu Kenya hayo ni marupurupu, na posho ni unga.

Taarifa za habari husema "ubadhirifu wa fedha za umma". Je, huo ni wizi? (Msomaji, Mji wa Kale)

Swali hili lina uzito. Ubadhirifu ni kutoa mali pasipostahili, ikapotea bure. Limetoka kwa *tabdhir*, na Qurani katika Surat Bani Israil, aya ya 27, inawaita wabadhirifu ndugu wa mashetani. Jirani yake ni israfu, kupita kiasi katika jambo lililo halali: pilau ya watu mia ikapikwa ya mia tatu. Wanazuoni wengi huyatofautisha hivyo, nami naona Kiswahili kinafaidika tukishika tofauti hiyo.

Sasa, afisa aliyejenga choo kwa bei ya nyumba kwa kutojali ni mbadhirifu, au mfujaji. Aliyejitilia pesa mfukoni ni mwizi. Kumwita huyu "mbadhirifu" ni kumfunika nguo. Wananchi hawakosei hapa. Wao husema tu "amekula pesa", na kila mtu ameelewa. Waandishi wa habari wanapaswa kuwa wazi kama wao pale ushahidi unapokuwapo na mahakama imekwisha kuamua.

Nikikataa mchango wa kila harusi naitwa mkono wa birika. Ni haki? (Msomaji, Changamwe)

La. Mkono wa birika ni bahili, anacho na hakitoi. Wewe unabana matumizi.

Shangazi alimpelekea mwimbaji noti katikati ya wimbo. Kitendo hicho kinaitwaje? (Msomaji, Bondeni)

Kutuza. Noti yenyewe ni tuzo, neno lilelile wanalopewa leo washindi wa mashindano. Upande wa Tanzania utasikia zaidi "kutunza", na usidhani shangazi amepewa mwimbaji amlee.