Barua kwa mwanangu: bweni, chumba na ndoo ya mabaki

Mwanangu,

Umeuliza jambo moja tu: ukifika Seoul ukae bweni la chuo, au upange chumba mtaani? Nitakujibu, ila kwanza nami nina langu. Utapika wapi, na mabaki ya chakula utayatupa wapi? Unajua ninavyosema siku zote, mji husomwa jikoni na jalalani. Mama yako hucheka kila nikisema hivyo. Acheke.

Bweni lina faida, siwezi kukataa. Liko karibu na darasa, kodi yake ni nafuu, na huna haja ya kuweka amana kubwa. Lakini mengi hayana jiko, una maikrowevu na birika la umeme, basi. Mlo wa kantini una nyama ya nguruwe hata pale usipoitazamia: ndani ya supu, ndani ya maandazi ya mvuke, ndani ya wali wa kukaanga. Chumba cha mtaani kina jiko lake, ila mwenye nyumba atataka amana, mara nyingi won (pesa ya Korea) milioni 5 hadi 10, na kodi ya mwezi juu yake. Katikati kuna gosiwon, vile vyumba vidogo vya kitanda na meza tu. Amana yake ni ndogo au haipo kabisa, jiko mnatumia pamoja, na mara nyingi wali na kimchi, ile kabichi yao ya kuchachushwa kwa pilipili, vya bure vimekaa hapo mchana na usiku. Chenye dirisha kina bei ya juu kuliko kisicho nalo. Lipia dirisha.

Haya, tuje kwenye jalala. Takataka za kawaida huwekwa kwenye mifuko maalumu ya wilaya unayoishi. Unainunua dukani, ya lita 5, 10 au 20, na bei ya mfuko ndiyo ada ya taka. Utaratibu huo ulianza nchi nzima mwaka 1995. Mabaki ya chakula yana mfuko au ndoo yake, na kwenye majengo makubwa utakuta pipa la umeme: unagusisha kadi, linapima uzito, unalipia ulichotupa. Kipimo cha kukumbuka ni hiki: je, mnyama anaweza kukila? Kwa hiyo mifupa, maganda ya mayai, magamba ya kaa na kome, kokwa za maembe, maganda makavu ya vitunguu na majani ya chai si mabaki ya chakula. Vyote hivyo huenda kwenye mfuko wa kawaida. Maji nayo yachujwe kwanza, kwa sababu unalipia uzito, na mchuzi ukivuja ngazini majirani wote watajua umetoka chumba gani.

Hapo ndipo shangazi yako alipopatikana akiwa hukohuko, miaka ile wewe ulipobaki kwa bibi yako Tanga. Alipika kuku wa nazi, akamimina kila kitu kwenye ndoo ya mabaki, mifupa na maganda ya vitunguu pamoja. Asubuhi akamkuta bibi wa ghorofa ya chini amechuchumaa kando ya ndoo, glavu mkononi, anachambua mfupa mmoja mmoja na kuuweka juu ya gazeti. Hakusema neno. Alipomaliza alikunja gazeti, akalitia kwenye mfuko wake mwenyewe, ule alioununua kwa hela yake, akaingia ndani. Shangazi yako akabaki na salamu yake mdomoni.

Yeye siku hizi anaisimulia na kucheka. Mimi bado inaniuma. Mtu mzima, mgeni, unamchambulia taka mbele ya macho yake? Angegonga mlango akasema. Lakini nikifikiri tena, angesema kwa lugha gani? Na kumkaripia mtu mlangoni pake si ndiyo aibu kubwa zaidi? Kisha najijibu: basi angengoja shangazi yako aende kazini, afanye kwa siri. Na gari la taka nalo lingemngoja? Mfuko uliochanganywa hubandikwa karatasi ya onyo na kuachwa palepale, na faini ipo. Basi sijui. Bibi yule alikuwa sahihi, na mimi bado inaniuma.

Ajabu ni kwamba mwezi wa Novemba, ulipofika msimu wa kusindika kimchi ya majira ya baridi, bibi huyohuyo ndiye aliyepanda ngazi kumwita shangazi yako. Wanaita kimjang. UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2013, lakini uani pale palikuwa tu na mabeseni, wanawake wenye aproni, na kabichi zilizorundikwa kama mifuko ya saruji. Alichojifunza siku ile ndicho hiki ninachokuandikia, kwa sababu ukijua kutengeneza kimchi hutashindwa na jiko lolote la nchi ile.

Chukua kabichi moja ndefu ya Kichina ya kilo 2 hivi. Ipasue shina tu kwa kisu, kisha ichane kwa mikono, ili majani yasikatikekatike. Koroga chumvi ya mawe gramu 200 ndani ya maji lita 2, chovya, halafu nyunyiza chumvi nyingine kwenye sehemu nyeupe nene, maana hapo ndipo inapochelewa kupenya. Iache saa 6 hadi 8, ukiigeuza kila baada ya saa mbili. Kunja sehemu nyeupe: ikivunjika bado, ikipinda bila kuvunjika tayari. Suuza mara tatu, kisha iinamishe ichuruzike saa moja au mbili. Wengi huharibu hapa kwa haraka. Isipochuruzika, maji yanapunguza makali ya viungo na kimchi inakuwa mlenda.

Pika uji mwepesi wa kikombe kimoja cha maji na kijiko kikubwa cha unga wa mchele wa kunata. Ukipoa, tia pilipili ya unga ya Kikorea gramu 80 hivi, kichwa cha kitunguu saumu kilichopondwa, tangawizi kidogo, vijiko viwili vya uduvi wa chumvi, vitatu vya mchuzi wa samaki, figili nyeupe iliyochanwa nyembamba na vitunguu vya majani. Pilipili yao ina rangi kuliko ukali. Usithubutu kutia pilipili kichaa ya kwetu kwa kipimo hicho, utamwita zimamoto. Paka jani kwa jani, kunja, shindilia kwenye chombo hewa isibaki, lakini usijaze: acha robo tupu, maana ikichachuka hutoa gesi na maji hupanda. Siku moja au mbili nje, kisha friji. Chumvi ikiwa ndogo, itaoza kabla ya kuchachuka. Ikizidi, haichachuki vizuri na utabaki na kabichi ya chumvi.

Mezani, mkubwa ndiye anayeanza kushika kijiko. Wali na supu ni kwa kijiko, vijiti vya chuma ni kwa vitoweo, na bakuli la wali halinyanyuliwi kama wanavyofanya Wajapani. Usivisimamishe vijiti ndani ya wali, hivyo ni vya matanga. Ukipokea au ukimmiminia mtu mzima, tumia mikono miwili, hata kama ndani ya glasi ni maji. Vile visahani vya mboga huongezwa bure ukiomba, kwa hiyo usijaze cha kubakisha. Bahashishi hawaitaki. Migahawa mingi ya kuchoma nyama haimpikii mtu mmoja, huanzia sahani mbili, nayo ni sababu nyingine ya kutafuta wenzako wa kula nao. Nyama ya halali iko Itaewon, maduka yamezunguka msikiti mkuu uliofunguliwa mwaka 1976. Nunua ya wiki nzima, gandisha. Na gochujang, ile pilipili ya kusaga ya kwenye kopo jekundu, soma maandishi yake kwanza: nyingine zimetiwa pombe.

Usafiri hautakusumbua. Kadi ya T-money iguse unapopanda na unaposhuka, kwenye basi pia, la sivyo unapoteza punguzo la kuunganisha safari, ambalo mchana linadumu dakika 30. Beba noti za kuiongezea salio. Ramani tumia ya Naver au Kakao, ile uliyoizoea haikuongozi vizuri kwa miguu. Viti vya pembeni mwa behewa ni vya wazee, na utavikuta vitupu huku watu wamebanana wima. Usikae.

Sasa, bweni au chumba? Ni maisha yako, mimi nimesema sitaamua, na siamui. Bweni lina usalama na utasoma. Lakini mtu wa bweni hakutani na bibi wa ghorofa ya chini, na mji, nasema tena, husomwa jikoni na jalalani... Basi, nimenyamaza. Gosiwon yenye jiko safi na dirisha ningeitazama mara mbili, hilo tu.

Popote utakapokaa, jiandikishe kama mgeni ndani ya siku 90 tangu kuingia nchini, na ukihama toa taarifa ya anwani mpya ndani ya siku 15. Amana usimpe mtu kabla ya mkataba wenye jina la mwenye nyumba halisi, na jina hilo lilingane na la akaunti unayoitumia pesa. Na kabla hujalipa, nipigie picha ya jiko. Na ya mahali wanapoweka ndoo.

Baba yako